Ndio ya Muhali

Sisi watu wa Unguja tuna ugonjwa mmoja usiopimwa hospitali, nao ni muhali. Mtu anakuomba jambo usiloliweza, na badala ya kumwambia huliwezi, unaona haya kumkatalia mbele ya uso wake, unamwambia inshaallah. Yeye anaondoka akijua umekubali. Wewe unabaki ukijua umejitia kitanzi kwa mkono wako. Nimesomesha skuli zaidi ya miaka thelathini, na wallahi sijaona kilichoniponza kama hicho. Darasa la watoto themanini halikuniponza, wala chaki za kukatakata vipande. Muhali ndio ulioniponza.

Mama mmoja alinijia mwanzo wa miaka ya tisini, skuli yetu ya Mpendae, wakati nasomesha darasa la tatu. Alikuwa mtu wa Mji Mkongwe hasa, wa ukoo wa Kiarabu uliokuwa na mashamba ya mikarafuu enzi hizo, na sasa yeye alikuwa akishona nguo za maharusi kwa cherehani ya kukanyaga. Nyumba ya kwao ilianguka upande mmoja kwa mvua za masika, ndipo wakahamia Mpendae. Alikuwa mpole wa kupitiliza, herufi zake anazitamka moja moja, na kila akikuomba jambo huanza kwa kukuombea dua wewe na wazee wako. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje hapana?

Alinieleza habari za mwanawe wa kike, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa darasani kwangu. Mtoto yule njugu zilikuwa zikimdhuru, na kila cha jamii ya njugu, lozi na korosho pia. Si kuwashwa tu. Mara ya kwanza alikula kipande cha kashata harusini, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, na pumzi ikawa haipiti. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mjomba wake aliyeko Maskati akaleta dawa ambayo mimi nilikuwa sijapata kuiona: sindano iliyo kama kalamu nene, imo ndani ya kibweta chake cha plastiki.

"Ukimwona midomo inavimba na pumzi inamshinda, usingoje mtu," mama akanambia. "Bandika hapa pajani, hata juu ya nguo, sukuma kwa nguvu, hesabu mpaka kumi. Halafu ndio mumkimbize hospitali."

Nikamwambia jambo hilo ni la mwalimu mkuu, na nikampeleka mwenyewe hadi mlangoni. Sikuingia. Alitoka anatabasamu, kwa hiyo nikajua mambo yamekwenda vizuri. Kumbe mwalimu mkuu naye ni Muunguja kama mimi. Alimwambia asiwe na wasiwasi, mtoto ni wetu sote, na kalamu akamrudishia kwa adabu, ati kwa sasa hana kabati lenye kufuli zuri. Alipokwishaondoka akaniita mimi, akafunga mlango.

Alinisomea waraka uliotoka juu, wizarani. Skuli moja ya shamba, mwalimu alimpa mtoto vidonge vya homa kwa huruma yake tu, mtoto akazidiwa, na baba yake akampeleka mwalimu mahkamani. Tangu hapo ikaamriwa kuwa mwalimu asimpe mwanafunzi dawa yoyote, hata ya kichwa, seuze sindano. Na kila mwalimu atie saini kwamba amesoma na amefahamu. Atakayevunja, lolote litakalotokea ni juu yake mwenyewe.

Nikauliza, na yule mtoto? Akanambia, Mungu atamhifadhi. Hakuwa mtu mbaya, na naomba msimfikirie hivyo. Alikuwa na watoto saba na mke mgonjwa, na alikuwa akiogopa. Nikatia saini. Ningeweza kusema sitii, kwa sababu mtoto huyo yumo darasani kwangu na mama yake keshanieleza. Lakini alikuwa ameshanipa kalamu ya wino mkononi, na kiti amenivutia.

Siku mbili baadaye mama alikuja kwangu Mwanakwerekwe na bakuli la visheti limefunikwa kawa. Tulikaa ukumbini tukazungumza mambo ya watu, nani kaoa, nani kahama. Alipotaka kuondoka akatoa kile kibweta. Alisema ametulia sana baada ya kuzungumza na mwalimu mkuu, lakini kwa vile kabati halina kufuli, ameona bora dawa nikae nayo mimi, mkobani mwangu, maana mimi ndiye niliye karibu na mtoto.

Hapo ndipo pa kusema. Ulimi ulikuwa tayari: bi, nimetia saini, sina ruhusa, hata mwalimu mkuu hakukubali, kakuonea muhali tu. Maneno mafupi. Yeye akaushika mkono wangu, akaweka kibweta kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja juu yake kama unavyomfunga mtoto mdogo pesa ya skuli.

"Niahidi, mwalimu."

"Inshaallah," nikasema.

Visheti vile vilikuwa vizuri, na nilivila vyote.

Nilitembea na ile kalamu miezi saba. Watu hawajui uzito wa kitu chepesi. Mkoba wangu sikuuacha tena juu ya meza ya walimu kama zamani, nikawa nakwenda nao hata chooni, mpaka mwenzangu mmoja akanitania kwamba nimechumbiwa nao. Ningeirudisha, ningemvunja mama. Ningemwambia mwalimu mkuu, angeniamrisha niirudishe. Nikawa nimekwama hapo katikati, na nikajipa kazi ya kumlinda mtoto ili siku ya kalamu isije kabisa. Wakati wa mapumziko nilisimama getini walipokaa wauza kashata na urojo, namkodolea macho.

Na mtoto mwenyewe alikuwa na akili kuliko sisi wote. Mwembamba, mkimya, mashavu ya kuingia ndani. Akipewa kitu na wenzake hunijia nacho mkononi: "Mwalimu, hiki kina njugu?" Nikisema hakina, anakula. Nikisema sijui, anampa mwengine. Alinifanya mimi ndiye macho yake, na kwa mambo ya kula aliniamini bila swali.

Ukaja Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, na skuli tukasoma maulidi. Mwaka ule yalikuwa makubwa, kwa sababu alialikwa bibi mmoja mwenye uwezo wake, aliyeahidi kutupa mabati ya madarasa mawili yaliyokuwa yakivuja. Yeye ndiye aliyeleta halua, masinia matatu. Mikeka ikatandikwa uwanjani, udi ukafukizwa, wavulana na kanzu zao, wasichana na mitandio myeupe. Mtoto wangu yule alikuwa safu ya mbele kabisa. Alikuwa na sauti nzuri, na nilimchagua mwenyewe aongoze kasida.

Baada ya dua yule bibi akainuka. Ilikuwa desturi yake, nasikia aliifanya kila maulidi aliyoalikwa, kuwalisha watoto wa mbele kwa mkono wake, tonge moja moja mdomoni, kwa baraka. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimeshika mrashi nikiwanyunyizia watu marashi. Nilimwona anakuja na kisahani. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halua ile ilikuwa nyekundu inang'aa, lozi hazionekani, lakini sisi wote tunajua halua ya sherehe inatiwa nini.

Alipofika kwake, mtoto hakufungua mdomo. Akageuza macho akanitazama.

Sikupata kutazamwa vile, si kabla wala baada. Alikuwa ananiuliza lile lile la kila siku, hiki kina njugu? Na mimi nilikuwa nalo jibu. La, bibi, huyu hali, zinamdhuru. Basi. Lakini mwalimu mkuu alikuwa pembeni yangu anachekea mabati, na wageni wote wanatazama, na bibi mtu mzima mkono wake umo hewani, na chakula chenyewe ni cha maulidi. Utamzuia mtu kumlisha mtoto tabaruku mbele ya halaiki? Nikajisemea kwamba kilichosomewa Mtume hakidhuru. Wazee wetu husema hivyo, na husema kwa imani. Mimi sikusema kwa imani. Nilisema ili nipate pa kujificha.

Nikatazama mkeka. Nilipoinua macho, mtoto anatafuna.

Hakwenda kwa mtu mwengine. Kasida ilikuwa imeanza tena nikasikia buibui langu linavutwa.

"Mwalimu, ulimi unaniwasha."

Nikamshika mkono nikampeleka ofisini, mwendo wa kukimbia bila kuonekana unakimbia. Tulipofika midomo ilikuwa imeshaumuka na shingo imetoka madoa mekundu. Akaanza kukohoa. Mwalimu mkuu aliingia nyuma yetu, akamwona, akarudi mlangoni kuagiza gari. Gari lilikuwa moja tu, la yule bibi, na dereva wake alikuwa amekwenda nalo Darajani. Akamtuma mtu kwa baskeli. Halafu akaniona nimeukumbatia mkoba, akaniuliza kuna nini humo.

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mara moja, visheti, ahadi, miezi saba. Akakaa juu ya kiti.

"Umetia saini," akasema.

"Najua."

"Ukimdunga akafa, utakwenda mahkamani peke yako. Mimi sitoweza kukutetea. Na usipomdunga akafa…" Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima na koti lake.

Nataka kueleza jinsi nilivyokaa pale, kwa sababu mnaosikia habari hii mtadhani mimi ni mwanamke jasiri. Nilikaa. Kalamu iko mkononi, kifuniko nimeshakitoa, na nikakaa nikisikiliza kama gari linakuja. Likija gari, sitokuwa na haja ya kuchagua. Nilimfikiria mama yangu mzazi niliyekuwa namtunza. Nilifikiria watu watakavyosema, mwalimu kamuua mtoto wa watu kwa sindano ya Maskati. Nilisoma Kulhuwallahu mara tatu. Nje wanasoma kasida, na sauti ya kuongoza haimo, na hakuna aliyeuliza iko wapi. Pumzi ya mtoto ilikuwa inalia kwa ndani mfano wa mlango mbovu, kila mara nyembamba zaidi. Muda wote ule alikuwa ananitazama. Kisha akaacha kunitazama, macho yakapanda juu.

Hapo nikamdunga. Sikufikiri kitu. Nilibandika pajani juu ya nguo, nikasukuma, nikahesabu mpaka kumi kwa sauti, na mwalimu mkuu akahesabu pamoja nami.

Gari lilikuja baadaye kidogo. Njiani alishaanza kuvuta pumzi, akatapika juu ya buibui langu, nami nikashukuru kwa matapishi yale kuliko marashi yote ya siku ile. Hospitali walimpa dawa nyengine, wakamlaza mpaka usiku. Daktari aliuliza nani kamdunga. Sikuitika. Akasema aliyemdunga kamwokoa, ila angefanya mapema kidogo mtoto asingeteseka vile. Akaendelea na kazi zake.

Siku ya pili tulikaa watatu ofisini, mwalimu mkuu, mama na mimi. Mwalimu mkuu alimfungulia mama habari ya waraka, kwa mara ya kwanza, na sauti ya kuomba radhi. Kama itajulikana juu kwamba mwalimu ndiye aliyedunga, mimi sina kazi, na yeye pengine hana. Akapendekeza iandikwe kwamba mama mwenyewe alihudhuria maulidi, na yeye ndiye aliyemdunga mwanawe. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Mwalimu kanihifadhia mwanangu," akasema. "Na mie ntamhifadhi."

Akatia saini. Kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi. Mimi, akaniomba radhi. Alisema mtoto kaungama kwamba halua kaichukua mwenyewe, kwa ulafi, mimi nikiwa nimeshughulika na wageni. Alisema keshamkanya mara ngapi, na usiku alipotoka hospitali tu kamchapa, ingawa bado mgonjwa, ili asitie tena watu katika mtihani.

Fikirini nilipokuwa. Niliweza kusema pale pale. Si yeye, bi, mimi. Nilimwona, nikatazama mkeka. Lakini alikuwa ameshatia saini kwa ajili yangu, wino haujakauka. Unamwambiaje mtu aliyekuokoa kwamba umemdanganya? Nikasema hakuna neno, watoto ndivyo walivyo. Laiti ningejiuma ulimi.

Tangu siku ile mama hakumwacha mtoto peke yake. Alishajua kwamba hapana atakayemdunga, basi akawa anakuja mwenyewe. Kila asubuhi anakaa kwenye baraza la skuli na kikapu chake cha ushoni, anatia shanga kwenye nguo za watu, mpaka kengele ya mwisho. Miaka minne, mpaka mtoto akamaliza darasa la saba. Na kila asubuhi mimi nampita pale, shikamoo, marahaba mwanangu, vipi wazima? Sikukuu zote mbili analeta visheti nyumbani. Na mimi nikavila, kwa sababu kuvikataa ningesema nini.

Mtoto mwenyewe hakuninena kwa ubaya hata siku moja. Alinisalimia kwa adabu, akapita. Lakini hakuniletea tena kitu mkononi kuniuliza.

Miaka ikenda. Mwalimu mkuu alistaafu, akaja mwengine, na baada yake nikawekwa mimi. Ule waraka niliukuta kwenye saraka ya meza, na mwaka mmoja ulikuja mpya, umepigwa kwa kompyuta na muhuri mzuri, maneno yale yale. Mimi ndiye niliyekuwa nawaita walimu vijana mmoja mmoja, nafunga mlango, nawasomea, nawavutia kiti na kuwapa kalamu. Wote walitia.

Nilipobakiwa na miaka miwili nistaafu, akaja mwanamke kuandikisha mwanawe wa kike darasa la kwanza. Nilimjua kabla hajasema, kwa mashavu. Alinipa habari za mama yake, kwamba ametangulia mbele ya haki, na nikasema innalillahi, na nililia kweli. Nilipofuta uso, kibweta kilikuwa mezani. Si kama kile cha zamani, kidogo zaidi, lakini nilikijua. Mtoto amerithi.

Aliniuliza nani atamdunga.

"Inshaallah, mwanangu," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Mtoto alikuwa ameegemea goti la mama yake, anachezea ncha ya mtandio wangu.

"Mama yangu ulimwambia inshaallah," akasema taratibu. "Mwalimu, siku ile nilikutazama."

"Najua."

"Ukatazama mkeka."

Nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote, kwa nini hakumwambia mama yake, kwa nini alikubali kuchapwa. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Ningesemaje, wewe mwalimu wangu? Niliona muhali. Mpaka anakufa mama alijua mie mlafi."

Sikuwa na pa kutazama. Nikafungua saraka, nikamwonyesha waraka, nikamwambia ukweli kama nilivyopaswa kumwambia mama yake. Kwamba walimu wangu wote wametia saini, na mimi ndiye niliyewatilisha. Aliusoma wote, akaurudisha.

"Ahsante kwa kunionyesha," akasema. "Sasa mie ntakuomba kitu kimoja tu. Usinionee muhali. Ukisema la, ntamchukua mwanangu twende zetu, na wallahi sina kinyongo. Cherehani ya mama ninayo, ntakaa naye nyumbani nimfundishe mwenyewe. Lakini nambie. Ndio au la?"

La lilikuwa hapo mdomoni. Lingekuwa la kwanza la kweli maishani mwangu, na lingekuwa haki, kwa sababu mimi naijua nafsi yangu, najua nilivyokaa pale ofisini na kalamu iliyofunuliwa nikisikiliza gari. Niliinua uso kulisema. Yule mdogo alikuwa ameacha mtandio, ananitazama kwa macho yale yale.

"Ndio," nikasema.

Mama yake akanichunguza muda mrefu. Kisha akasukuma kibweta upande wangu, akaondoka, akaniachia mtoto.

Mwaka wa pili sasa kimo mkobani, na Mfungo Sita unaingia wiki ijayo, na halua imeshaagizwa. Kila asubuhi mtoto hunijia mlangoni mwa ofisi na alichopewa, anakifunua kiganjani, anauliza kina njugu? Namjibu. Anaondoka anakula. Nami nakaa na swali ambalo mama yake aliniuliza na nikadhani nimelijibu, kwa sababu mpaka leo sijui ile ndio niliyomwambia ilikuwa ndio, au ilikuwa muhali.